Pilipili ya Kidonge Haifiki Kwenye Msuli

Agosti 2008, wakati wa michezo ya Olimpiki ya Beijing, farasi wanne wa kuruka viunzi walizuiwa kushindana saa chache kabla ya fainali kwa sababu ya pilipili. Mashindano ya farasi yalikuwa yakifanyika Hong Kong, na vipimo vya farasi kutoka Norway, Brazil, Ireland na Ujerumani vilikuwa vimeonyesha kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Baadaye Norway ilipokonywa medali yake ya shaba ya timu, ikaenda Uswisi. Kapsaisini imo katika dawa nyingi za kuchua, na mifugo hupakwa kama watu wanavyopakwa. Hata hivyo wasimamizi wa mchezo wa farasi wanaikataa kwa sababu mbili ambazo ukizisikia mara ya kwanza unadhani zinapingana: inaweza kutuliza maumivu, na inaweza kuyazidisha. Ikipakwa kwenye miguu ya mbele, ngozi inakuwa nyepesi kuhisi. Farasi akigonga ubao anaumia kuliko kawaida, na kiunzi kinachofuata anainua miguu juu zaidi. Kwa binadamu hakuna marufuku kama hiyo. Orodha ya WADA, wakala wa dunia wa kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, haina kapsaisini, na vidonge vyake vinauzwa waziwazi kwa wakimbiaji na wanyanyua vyuma, vikiahidi pumzi ndefu, nguvu zaidi na mafuta ya mwili kuyeyuka.

Kisa cha farasi hawa kinatupa ufunguo ambao matangazo ya vidonge yanaukwepa. Aliyempaka farasi hakuwa akitafuta kuongeza nguvu ya msuli wala akiba ya nishati. Pilipili ilifaa kwa kuwa inachezea hisia. Nikiutazama ushahidi wa miaka karibu thelathini kuhusu pilipili na mazoezi, naona jambo hilohilo likijirudia kwa binadamu. Kama kapsaisini inamsaidia mwanamichezo kwa lolote, basi inamsaidia kwa kubadilisha jinsi anavyoisikia kazi anayoifanya. Na kwa sababu njia yake ni hisia, majaribio yanayodai kuithibitisha yana tatizo ambalo majaribio ya dawa nyingine nyingi hayana: anayemeza pilipili anajua amemeza pilipili.

Tuanze na kemikali yenyewe. Mwaka 1912 mfamasia Wilbur Scoville, akifanya kazi katika kampuni ya Parke-Davis huko Marekani, alibuni njia ya kupima ukali wa pilipili kwa ndimi za watu: unaizimua kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie tena mwasho, kisha unahesabu umeizimua mara ngapi. Ni kipimo cha ajabu kidogo, maana kinapima tunda kwa kumpima mlaji, lakini kwa kapsaisini ndicho kilichofaa, kwa kuwa ukali wa pilipili si ladha kama chumvi au uchachu. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilipata kipokezi kinachohusika, protini iliyo kwenye ncha za neva za maumivu, inayoitwa TRPV1. Kipokezi hicho kinafunguka kwa joto la takriban nyuzi 43, yaani joto la kuunguza, na kinafunguka pia kapsaisini inapokigusa. Ubongo unapokea taarifa ileile katika hali zote mbili: kuna moto. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Neva ikiguswa na kapsaisini mfululizo inachoka na kunyamaza, na hapo ndipo zilipopatikana dawa za kutuliza maumivu, ikiwemo bandiko lenye kapsaisini asilimia 8 lililoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Kuwasha kwanza na kutia ganzi baadaye ni kazi za mlango mmoja, na ndiyo maana farasi wa Hong Kong wangeweza kushtakiwa kwa lolote kati ya mawili.

Wauzaji wa vidonge hawaanzii hapo. Wanaanzia kwa panya. Watafiti wa Japani walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba panya waliopewa kapsaisini waliogelea kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka, na walihusisha jambo hilo na adrenalini inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo. Mwaka 2012 kundi la China lilionyesha kwamba panya waliolishwa kapsaisini kwa miezi walikimbia zaidi, na misuli yao ilikuwa imebadilika: ilikuwa na nyuzi nyingi zaidi za aina isiyochoka upesi. Hizi ni tafiti nzuri na sina sababu ya kuzidharau. Ugumu unaanza pale matokeo yake yanapobandikwa kwenye kopo linalouzwa kwa mtu wa kilo 70. Kipimo cha miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, ambacho ni cha kawaida katika majaribio ya panya, ukikigeuza kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wa dawa (mwili mdogo huchakata dawa haraka kuliko mkubwa, hivyo unagawanya kwa takriban 12) kinakuwa kama miligramu 57 kwa mtu huyo. Vidonge vilivyojaribiwa kwa wanamichezo mara nyingi vina miligramu 12.

Kuna hesabu nyingine inayonishawishi zaidi kuliko hiyo. Watafiti wa Thailand waliwapa watu gramu 5 za pilipili, zenye kapsaisini miligramu 26.6, wakapima damu yao. Kiwango cha juu kabisa kilichoonekana kilikuwa takriban nanogramu 2.5 kwa mililita, kikafikiwa baada ya dakika kama 47, na baada ya hapo kilishuka kwa nusu kila dakika 25 hivi, kwa kuwa ini linaivunja kapsaisini haraka mno. Ukigeuza kiwango hicho katika kipimo cha wanakemia unapata nanomolari 8. Kipokezi TRPV1 kilipopimwa maabara mwaka 1997 kilihitaji takriban nanomolari 700 ili kufunguka nusu ya uwezo wake. Pengo ni la mara themanini na zaidi, na hapo mtu amemeza zaidi ya mara mbili ya kipimo cha kidonge cha mwanamichezo. Maelezo yanayosema kapsaisini inaingia ndani ya msuli wa paja, inafungua vipokezi vilivyomo na kumwaga kalsiamu ya kuukaza msuli kwa nguvu zaidi, yanaweza kuwa kweli ndani ya chupa ya maabara. Kwa mtu aliyemeza kidonge, mahali pekee penye kapsaisini ya kutosha kuwasha chochote ni tumbo na utumbo. Neva za huko zinaweza kuupigia ubongo kelele na kuamsha adrenalini; hilo sina ubishi nalo. Msuli wenyewe unabaki ukisikia habari kwa mbali.

Ahadi ya kuchoma mafuta haihitaji muda mrefu. Mwaka 1997 wakimbiaji wanane wa masafa marefu walipewa chakula chenye gramu 10 za pilipili nyekundu, kisha wakapimwa pumzi wakiwa wamepumzika na wakiwa mazoezini. Walichochoma kwa wingi zaidi kilikuwa wanga, si mafuta. Utafiti wa mwaka 2007 uliotumia vidonge ukapata kinyume chake, mafuta yakitumika zaidi. Mwaka 2010 vijana waliopewa miligramu 10 za kapsinoidi, ambazo ni ndugu za kapsaisini zisizowasha, walitumia nishati zaidi kidogo walipokuwa wamepumzika, ila walipoanza mazoezi tofauti ikapotea, kwa kuwa kazi yenyewe ya mazoezi inaimeza. Mapitio ya tafiti hizi kwa jumla yanakadiria nyongeza ya kama kalori 50 kwa siku. Chapati moja ya mafuta ina kiasi hicho mara nne au tano. Anayeuza vidonge hivi kwa jina la kuchoma mafuta anauza robo ya chapati kwa bei ya mbuzi.

Ushahidi unaostahili kuchukuliwa kwa uzito ni ule wa utendaji: mtu alinyanyua kiasi gani, alikimbia kwa muda gani. Hapa watafiti wa Brazil ndio waliofanya kazi kubwa. Mwaka 2018 walichukua vijana 10 waliozoea mazoezi ya vyuma, wakawapa miligramu 12 za kapsaisini au kidonge kitupu dakika 45 kabla ya zoezi, kila mmoja akipitia hali zote mbili kwa siku tofauti. Zoezi lilikuwa kuchuchumaa na chuma mabegani, seti nne, kila seti mpaka mtu ashindwe. Siku ya kapsaisini jumla ya uzito walioinua ilikuwa kama kilo 3,900 kwa wastani, na siku ya kidonge kitupu kama 3,200. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya asilimia 20, kubwa kiasi cha kutia shaka. Mwaka uliofuata wakajaribu mbio za mita 1,500 kwa watu 10 wenye mazoezi ya kawaida: sekunde 371.6 dhidi ya 376.7. Katika jaribio la mita 400 na mita 3,000, faida ilionekana kwenye mbio zote mbili. Kisha picha ikaanza kufifia: katika kilomita 10, wakimbiaji 21 wa ridhaa hawakupata chochote. Na kabla ya wote hao, mwaka 2012 huko Marekani, wanamichezo 19 walitumia kapsaisini miligramu 25.8 kila siku kwa wiki moja, kisha wakakimbia mara 15 kwa kasi yote, mita 30 kila mara. Kasi haikubadilika, maumivu ya misuli hayakubadilika, viashiria vya uvimbe kwenye damu havikubadilika. Kilichobadilika ni matumbo yao, yaliyolalamika sana.

Waliojumlisha tafiti hizi kwa takwimu wamefika mahali ambapo mtu angetarajia: faida ndogo katika kurudia kunyanyua mzigo mpaka kuchoka, na hakuna faida ya kuaminika katika mbio ndefu. Mimi navutiwa zaidi na kitu kilichomo ndani ya tafiti zenyewe zilizopata faida. Katika jaribio la kuchuchumaa, asidi ya laktiki kwenye damu haikutofautiana kati ya siku mbili zile. Katika mita 1,500 laktiki ilikuwa ileile, mapigo ya moyo yaleyale. Lakini washiriki walipoulizwa kazi imekuwa nzito kiasi gani, siku ya pilipili walijibu kwamba ilikuwa nyepesi zaidi. Injini haikubadilika, dereva ndiye aliyeisikia barabara imelainika. Kwa seti ya kuchuchumaa mpaka ushindwe, ambapo mwisho wa zoezi unaamuliwa na uvumilivu wako, dereva kujisikia vizuri kunatosha kuongeza marudio mawili matatu. Kwa kilomita 10, ambapo pumzi, joto la mwili na akiba ya wanga ndivyo vinavyotawala, haitoshi. Mpangilio wa matokeo, yaani faida kwenye vyuma na mbio za mita 400 hadi 3,000, na kimya kwenye kilomita 10, unalingana na dawa ya hisia. Kama ingekuwa dawa ya nishati, mpangilio ungepaswa kugeuka: kilomita 10 ndipo pangeonekana faida kubwa.

Hapa ndipo tatizo nililolitaja mwanzo linapouma. Jaribio zuri linataka mshiriki asijue amepewa nini, kwa kuwa anayeamini amepewa kitu cha nguvu huongeza nguvu kwa kuamini tu. Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Katika fiziolojia ya mazoezi jibu lipo: pilipili usiyoila inakuwasha sana, mradi uwe umeambiwa umeila. Imani peke yake inaongeza marudio na kupunguza sekunde. Hilo limeonyeshwa mara nyingi kwa kafeini, ambapo watu waliodhani wamepewa kafeini walifanya vizuri zaidi hata walipokuwa wamepewa kidonge kitupu. Sasa fikiria miligramu 12 za kapsaisini tumboni. Ganda la kidonge linauficha mwasho usifike ulimini, lakini linayeyuka, na baada ya dakika chache kuna joto chini ya kifua, pengine na mcheuo unaojieleza wenyewe. Aliyemeza kidonge kitupu hapati taarifa yoyote. Ikiwa kipimo kikuu kilichobadilika ni jinsi mtu anavyoisikia kazi, na mtu huyo tumbo lake limeshamwambia kwamba leo ndiyo siku yenyewe, hatuwezi kutenganisha kazi ya kapsaisini na kazi ya matumaini. Sisemi faida ile ni ya uongo. Nasema majaribio haya, jinsi yalivyojengwa, hayana uwezo wa kutuambia ni ya nani.

Dawa ya ugonjwa huo ipo. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Susumu Yazawa, alichagua na kustawisha pilipili isiyowasha iliyoitwa CH-19 Sweet. Ndani yake mna kapsieti, molekuli inayofanana na kapsaisini karibu kila mahali isipokuwa kwenye kiungo kimoja cha katikati. (Msomaji asiichanganye na pilipili hoho ya sokoni.) Kapsieti inaweza kugusa kipokezi kilekile lakini inavunjika upesi na haiunguzi mdomo. Jaribio lenye makundi matatu, yaani kapsaisini, kapsieti na kidonge kitupu, pamoja na la nne lenye kitu kingine kinachosisimua tumbo bila kuhusiana na pilipili, lingetenganisha mengi. Na mwisho wa kila siku mshiriki aulizwe: unadhani ulimeza nini? Akipatia kuliko kubahatisha, matokeo yasomwe kwa jicho la pembeni.

Kocha anaweza kunijibu kwamba haya ni mabishano ya maabara, na kwamba uwanjani sekunde ni sekunde hata kama zimetoka kwenye matumaini. Hoja hii ina uzito. Huko Sydney mwaka 2000 Mkenya Noah Ngeny alimshinda Hicham El Guerrouj wa Morocco katika mita 1,500 kwa robo ya sekunde. Mbele ya robo sekunde, sekunde tano za jaribio lile la mita 1,500 ni utajiri. Lakini angalia waliozipata sekunde hizo ni nani. Walikuwa watu wanaotumia zaidi ya dakika sita kumaliza mita 1,500, wakati Ngeny alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32. Mtu wa kiwango cha dakika sita anaweza kupishana sekunde tano na yeye mwenyewe kati ya Jumanne na Alhamisi, kwa usingizi, kwa upepo, kwa kuanza mbio kwa papara. Mkimbiaji mzoefu ameshajifunza kuisoma kazi na kuuvumilia uzito wake. Nafasi iliyobaki kwa kidonge cha kuzilaghai hisia ni nyembamba zaidi kwake, na hakuna hesabu halali ya kuihamisha faida ya asilimia 1.4 waliyoipata watu wa mazoezi ya kawaida na kumpa bingwa.

Hoja ya pili ni ile ya jikoni: pilipili tunaila kila siku, ni kitu cha asili, itadhuru nini? Kwanza, kipimo. Miligramu 12 ni sawa na gramu nne hadi sita za unga wa pilipili kali ya kawaida, yaani vijiko vidogo viwili au vitatu, vikishuka tumboni kwa mkupuo mmoja bila wali wala mchuzi wa kuvipoza. Mlaji wa achari ana mdomo wa kumwambia basi. Kidonge kinampita bawabu huyo. Pili, mazoea. Neva zinazoguswa na pilipili kila siku hupunguza kelele, na katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 hamu ya chakula ilipungua zaidi kwa wasiozoea pilipili kuliko kwa walaji wake wa kila siku. Anayekula pilipili kichaa mchana na jioni ameshautumia mwasho wake mwingi mezani. Tatu, moyo. Kutoka Uturuki imeripotiwa habari ya kijana wa miaka 25 aliyepata shambulio la moyo baada ya kumeza vidonge vya pilipili ili apungue unene. Mishipa ya moyo ilikuwa imekazwa ghafla. Ni tukio la nadra, na ripoti ya mgonjwa mmoja haithibitishi chanzo, lakini mtu anayekusudia kupeleka moyo wake kwenye kasi ya juu dakika 45 baadaye ana sababu ya kuijua.

Zaidi ya yote hayo kuna kopo lenyewe. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001, ikakuta asilimia 14.8 vina homoni za kujenga misuli ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Vidonge vya kupunguza unene vimekutwa mara kwa mara na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa madhara ya moyo na iliyomo katika orodha ya WADA. Chini ya kanuni za WADA mwanamichezo anawajibika kwa chochote kilichomo mwilini mwake, alijua au hakujua. Kwa mkimbiaji wa Kenya au Tanzania anayeishi kwa zawadi za mbio za barabarani, hatari ya kufungiwa kwa kitu ambacho hakikuwa pilipili ni kubwa kuliko faida yoyote ambayo pilipili imeonyesha.

Mwaka 2018 wataalamu waliokutanishwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitaja virutubisho vitano vyenye ushahidi wa kutosha wa kuongeza utendaji moja kwa moja: kafeini, kreatini, naitreti, beta-alanini na bikaboneti ya sodiamu. Pilipili haimo, na tafiti zilizofuata hazijaleta sababu ya kuiingiza. Anayenyanyua vyuma kwa kujifurahisha, mwenye tumbo imara na moyo uliopimwa, anaweza kujaribu siku ya mazoezi, kamwe si siku ya mashindano, na ajue kwamba anajaribu hisia zake. Akishika kopo na asikute limeandikwa miligramu ngapi za kapsaisini na limepimwa na maabara gani, alirudishe rafuni.